Miraa, milima na watalii: Jinsi safari za ndege zinavyopangwa Meru na Embu

MKAZI wa Maua anayetaka kufika Nairobi hupanda matatu. Kifurushi cha miraa kilichochumwa katika shamba lake asubuhi hiyo hiyo huenda kikawa kimefika Mogadishu kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata. Ndivyo hali ilivyo katika eneo la mashariki mwa Mlima Kenya: mazao yana ndege, watalii wana ndege, lakini abiria wa kawaida hana.

Si kwamba anga ya Meru na Embu ni tupu. Kwa zaidi ya miongo mitatu, biashara mbili zimeamua ni ndege gani ziruke, zitue wapi na zibebe nini. Ya kwanza ni usafirishaji wa miraa kutoka vilima vya Nyambene. Ya pili ni utalii, hasa katika hifadhi ya Lewa na Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Uwanja wa Isiolo, ulio kwenye mpaka wa Kaunti ya Meru na ile ya Isiolo, ulijengwa kwa matumaini ya kuziunganisha biashara hizo na kumfungulia njia abiria wa kawaida. Matumaini hayo bado hayajatimia.

Mlima ulio katikati ya njia

Jambo la kwanza ambalo mpangaji wa safari za ndege huangalia katika eneo hili ni mlima. Kilele cha Batian kina kimo cha mita 5,199 na kile cha Lenana mita 4,985. Ndege nyingi ndogo zinazohudumu humu nchini hazina hewa iliyodhibitiwa ndani, hivyo haziwezi kuupita mlima huo kwa juu bila kuwatesa abiria. Huuzunguka, ama upande wa magharibi kupitia uwazi ulio kati yake na safu ya Aberdare, ama upande wa mashariki juu ya Embu na Tharaka-Nithi. Mawingu hutanda mapema juu ya miteremko ya mashariki, na mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba huzidisha ugumu huo.

Hatari hiyo imewahi kudhihirika. Mnamo Julai 19, 2003, ndege ya kukodi iliyokuwa imebeba watalii kutoka Marekani iliondoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Samburu, ikagonga mlima karibu na kilele cha Lenana. Watu wote 14 waliokuwemo waliangamia. Mnamo Juni 5, 2018, ndege aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi ilianguka katika milima ya Aberdare na kuua watu 10. Ajali hizo mbili zilitofautiana kwa mengi, ila zote zilitokea katika ukanda huo huo wa milima na mawingu ambao kila rubani anayeelekea kaskazini mwa Nairobi hana budi kuuheshimu. Ndiyo maana safari za watalii hupangwa kwa wingi kuwa za asubuhi, kabla ya mawingu kujikusanya.

Saa ya jani

Kwa upande wa miraa, anayepanga ratiba halisi si shirika la ndege. Ratiba hupangwa na jani lenyewe.

Kiini cha miraa ni kemikali iitwayo kathinoni, ambayo wataalamu waliitambua mwaka 1975. Baada ya shina kukatwa, kemikali hiyo huanza kuvunjika na kugeuka kuwa nyingine iliyo dhaifu zaidi. Kwa kawaida mfanyabiashara huhesabu muda wa saa 48. Ukipita huo, bidhaa hupoteza thamani, na iliyokauka haina mnunuzi. Majani ya migomba yanayofungiwa mashina husaidia kuhifadhi unyevu, lakini hayawezi kuisimamisha saa hiyo.

Hivyo mchumaji wa Igembe au Tigania huamka mapema. Mashina huchaguliwa, hufungwa vifungu, na vifungu huunganishwa kuwa kile kinachoitwa kilo, ambayo katika biashara hii ni hesabu ya vifungu wala si uzito wa mizani. Magunia hupakiwa kwenye pikapu, na kuanzia hapo huwa ni mashindano. Kutoka Maua hadi Nairobi ni karibu kilomita 300 kupitia Meru, Chuka na Embu. Madereva wa pikapu hizo wamejijengea sifa, njema na mbaya, kwa mwendo wao. Barabara ya Embu kwenda Meru ina kona na mabonde mengi. Katika daraja la Nithi basi moja lilitumbukia Julai 24, 2022 na kuua zaidi ya watu 30. Anayeiona miraa kama biashara ya ndege tu husahau kwamba sehemu ya safari iliyo hatari zaidi ni ile ya ardhini.

Mizigo hiyo hufikishwa Wilson au katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA). Umbali wa kutoka Nairobi hadi Mogadishu ni takribani kilomita 1,000, safari ya saa mbili na zaidi kwa ndege ya propela. Ndege huruka asubuhi ili bidhaa ifike sokoni kabla ya wateja kukaa kwenye vikao vyao vya alasiri. Ikichelewa, wanunuzi huwa wameshanunua kwingine.

Wilson na njia ya Somalia

Uwanja wa Wilson ulizaliwa na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929. Ulipata jina lake la sasa mwaka 1962. Kwa muda mrefu ulijulikana kwa ndege za kukodi, za madaktari na za watalii. Kuporomoka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kuliupa kazi nyingine. Soko la miraa la Somalia halikuporomoka pamoja na serikali, na barabara za kwenda huko zilikuwa hatari. Kampuni zikaibuka za kujaza pengo hilo. Bluebird Aviation, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni miongoni mwa zilizojulikana sana.

Uwanja mkuu wa Mogadishu ulifungwa mwaka 1995 na haukufunguliwa tena hadi Julai 2006. Katika kipindi hicho chote ndege za miraa zilitua katika viwanja vya kando, kikiwemo kile cha K50, kilichopewa jina kutokana na umbali wake wa kilomita 50 kutoka jijini. Ndege iliyofaa ilikuwa ile ndogo, ngumu, inayoweza kutua kwenye udongo, kushusha mzigo injini zikiwa bado zina moto, na kuondoka.

Baada ya viwanja vya Somalia kutengenezwa, ndege kubwa zaidi zilichukua nafasi. Fokker 50, iliyoundwa Uholanzi kubeba abiria wapatao 50, ndiyo iliyopendwa zaidi. Ukiondolewa viti, hubeba tani tano na zaidi. Hapa pana jambo ambalo wakulima wa Nyambene hawalioni lakini huathiri mifuko yao. Kampuni ya Fokker ilifilisika mwaka 1996, na Fokker 50 ya mwisho ikatoka kiwandani mwaka 1997. Kila ndege ya aina hiyo inayobeba miraa leo ina umri wa zaidi ya robo karne, na vipuri vyake hutafutwa katika soko linalozidi kuwa finyu. Ndege nzee hununuliwa kwa bei nafuu, na hilo ni muhimu kwa biashara ambayo soko lake linaweza kufungwa kwa usiku mmoja. Nani atakopa mamilioni ya dola kununua ndege mpya ya kubebea bidhaa ambayo amri ya waziri mmoja yaweza kuizuia?

Mnamo Julai 2, 2014, Fokker 50 iliyokuwa imepakia miraa ya Mogadishu ilianguka eneo la Embakasi muda mfupi baada ya kuruka kutoka JKIA. Watu wanne waliokuwemo walifariki. Anga ya Somalia nayo ina hatari zake: Mei 4, 2020 ndege ya shirika la African Express Airways iliyopeleka vifaa vya matibabu ilidunguliwa huko Bardale, na watu sita wakafa.

Milango iliyofungwa

Historia ya safari hizi ni historia ya amri. Mwaka 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu ulipoidhibiti Mogadishu ulipiga marufuku miraa, na safari zikakatika hadi utawala huo ulipong'olewa mwishoni mwa mwaka huo.

Ulaya ilifuata. Kwa soko hilo miraa haikukodiwa ndege maalum. Iliwekwa sehemu ya mizigo ya ndege za abiria kutoka JKIA kwenda London na Amsterdam. Bara lote lilikuwa limeshafunga milango isipokuwa nchi chache. Uholanzi ilifunga Januari 2013. Uingereza, ambako baraza la washauri wa serikali kuhusu dawa lilikadiria kwamba tani 2,560 ziliingizwa katika mwaka wa 2011/12, ilifunga Juni 24, 2014. Baraza hilo hilo lilikuwa limeshauri isipigwe marufuku. Serikali haikusikiliza. Kutoka siku hiyo Meru ilibaki ikitegemea soko moja kubwa la nje, yaani Somalia.

Utegemezi wa namna hiyo una gharama. Septemba 2016 Somalia ilizuia ndege za miraa kwa takriban wiki moja, wakati Rais Uhuru Kenyatta akijiandaa kuhudhuria mkutano wa IGAD jijini Mogadishu. Zuio hilo likaondolewa katika kipindi hicho. Machi 2020 Somalia ilifunga anga yake kwa sababu ya janga la corona. Safari nyingine ziliporejea, miraa haikurejea. Uhusiano wa nchi hizo mbili uliharibika, na Desemba 2020 Mogadishu ikatangaza kuuvunja. Ulirejeshwa Mei 2021, na siku chache baadaye Kenya nayo ikasimamisha safari zote za ndege kati yake na Somalia, uamuzi ulioondolewa mwezi uliofuata.

Ilibidi kusubiri hadi Julai 2022. Rais Hassan Sheikh Mohamud alizuru Nairobi na makubaliano yakatiwa saini, na ndege za kwanza zikaruka kabla ya mwezi huo kwisha. Kiwango kilichotajwa na wafanyabiashara kabla ya 2020 kilikuwa takriban tani 50 kwa siku. Baada ya miaka miwili na miezi kadhaa ya kufungiwa nje, walirudi na kukuta miraa ya Ethiopia imezoeleka mitaani.

Shirika la ndege linalopitia hali hii hujifunza mambo mawili. Moja ni kutomiliki ndege isiyo na kazi nyingine. Kampuni zilizodumu ni zile zilizoweza kurudisha viti na kubeba abiria wa ndani ya nchi, wafanyakazi wa mashirika ya misaada au mizigo ya Sudan Kusini. La pili ni kuhesabu safari ya kurudi. Ndege hupeleka tani tano na hurudi na karibu na hewa tupu. Nauli ya mzigo wa kwenda lazima ilipe mafuta ya njia zote mbili. Mkulima anapouliza kwa nini bei ya shambani ni ndogo na ya Mogadishu ni kubwa, sehemu ya jibu imo katika ndege hiyo inayorudi bila mzigo.

Isiolo: uwanja uliosubiri ndege

Mantiki ya kuujenga uwanja wa Isiolo inaeleweka kwa yeyote anayetazama ramani. Ukitoka Isiolo, Mogadishu ni kilomita zipatazo 880 kwa mstari ulionyooka, chini ya zile za kutoka Nairobi. Pikapu ya Maua ingefika uwanjani kwa sehemu ndogo ya muda wa sasa, bila kuvuka Nithi wala kupita Embu usiku. Jani lingeongezewa saa kadhaa za uhai.

Serikali iliuingiza mji wa Isiolo katika mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2, 2012. Uwanja ulipanuliwa kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 2.7, ukafunguliwa mwaka 2017. Jengo la abiria liko upande wa Isiolo, huku sehemu kubwa ya njia ya kurukia ikiwa upande wa Meru, jambo lililochochea mvutano wa mpaka uliokuwapo tangu zamani. Wakazi wa mitaa kama Kiwanjani na Chechelesi waliohamishwa ili kupisha upanuzi wamekuwa wakidai ardhi mbadala kwa miaka mingi.

Mwaka huo huo shirika la Fly-SAX lilianza safari za abiria kati ya Nairobi na Isiolo. Hazikudumu. Jengo lililosemekana kuweza kuhudumia abiria 125,000 kwa mwaka likabaki likitembelewa zaidi na ndege za kukodi na za serikali.

Lawama imeelekezwa kwa urefu wa njia ya kurukia, ambao ni kilomita 1.4. Hoja hiyo ina ukweli. Isiolo iko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na jua lake ni kali. Hewa ya moto na ya juu ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, injini hudhoofika, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuruka. Rubani hana budi kupunguza mafuta au mzigo, na kila gunia linaloachwa ni hasara.

Hata hivyo, hoja hiyo haitoshelezi. Njia za kurukia za Wilson zina urefu wa takribani kilomita 1.5 tu, katika kimo cha karibu mita 1,690, na ndege za aina ya Fokker 50 na Dash 8 zimekuwa zikizitumia kwa miaka mingi. Nairobi ina baridi kuliko Isiolo, ni kweli, lakini tofauti kubwa haiko kwenye lami. Wilson ina mafundi, vipuri, mafuta, maafisa wa forodha, wakaguzi wa mimea na mawakala wa mizigo, wote wakiwa mahali pamoja. Ndege inayolala Wilson hupata matengenezo usiku na abiria asubuhi. Ikihamishiwa Isiolo kwa ajili ya miraa pekee, itapaswa kuruka tupu kutoka Nairobi kwenda kuchukua mzigo, kisha irudi tupu. Kurefusha njia ya kurukia kungeruhusu ndege kubwa zaidi, lakini hakungemleta fundi wala mzigo wa kurudi. Wanasiasa wa pande zote wamezungumzia zaidi urefu wa lami kwa sababu lami huonekana na huzinduliwa.

Kinachomvuta mtalii

Ukitaka kuona safari za abiria zinazofaulu katika Kaunti ya Meru, tazama Lewa. Hifadhi hiyo, ambayo mwaka 2013 iliongezwa pamoja na msitu wa Ngare Ndare katika eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya, ina kiwanja cha udongo kinachohudumiwa na mashirika ya Wilson. Airkenya, iliyotokana na muungano wa kampuni mbili katika miaka ya 1980, na Safarilink, iliyoanzishwa mwaka 2004, ndizo zilizoshindania abiria hao.

Safari hizo hazipangwi kama za basi. Ndege moja hutoka Nairobi na kuzunguka Nanyuki, Lewa na Samburu, na mpangilio wa vituo waweza kubadilika kulingana na walioweka nafasi siku hiyo. Abiria huarifiwa saa ya kuondoka, lakini anayeshuka kituo cha mwisho hutakiwa kuwa na subira. Mizigo huwekewa kikomo, kwa kawaida kilo 15 kwa mtu, na hutakiwa kuwa katika mifuko laini, kwa kuwa sanduku gumu haliingii katika tumbo la Cessna Caravan. Mjumbe wa kambi hupita na gari kwenye kiwanja kabla ya ndege kutua ili kuwafukuza pundamilia.

Ndege zenyewe zimebadilika taratibu. Dash 7 ya injini nne, iliyopendwa kwa kuruka na kutua katika nafasi fupi, iliundwa 113 tu na kuachwa kutengenezwa mwaka 1988. Airkenya ilikuwa miongoni mwa mashirika machache duniani yaliyoendelea kuitumia. Twin Otter ya viti 19 nayo ilisimamishwa mwaka 1988, ila ilikuwa na bahati: kampuni nyingine ya Kanada ilifufua utengenezaji wake miongo miwili baadaye. Caravan yenye injini moja na viti vipatavyo 12 ndiyo iliyoshika njia fupi, na Dash 8 zile zenye wateja wengi. Kwa shirika, kutuma ndege mbili ndogo zilizojaa ni afadhali kuliko moja kubwa iliyojaa nusu, kwani msimu wa watalii hupanda Julai na kushuka Aprili.

Mbuga ya Meru, ambako George na Joy Adamson walimwachilia simba Elsa arudi mwituni, ina viwanja vyake vidogo na imewahi kuwekwa katika ratiba ya Airkenya. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwafukuza wageni, na ndege zikapungua pamoja nao. Zilianza kurudi baada ya mbuga kufufuliwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Embu, karibu mno

Embu ina kiwanja kidogo karibu na mji, kinachotumiwa na helikopta na ndege za kukodi. Haina safari za ratiba, na sababu yake ni hesabu rahisi. Mji huo uko kilomita zipatazo 125 kutoka Nairobi kwa barabara ya lami. Ukijumlisha muda wa kufika Wilson katika msongamano wa magari, ukaguzi, safari yenyewe na usafiri wa kuingia mjini, ndege haimshindi mwendeshaji wa matatu, na nauli ni mara kadhaa zaidi.

Muguka wa Mbeere nao, ndugu wa miraa, haujahitaji ndege. Soko lake ni la humu nchini, na magari yake huelekea Mombasa usiku. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku, Rais William Ruto alitangaza kwamba amri hizo hazina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Malori yaliyokuwa yamezuiwa yakaendelea na safari za Pwani.